Siena Maarman na Nyota ya Masizi

Mmeanza na Siena mwenyewe, akawafungia mlango. Mkaenda kwa mchungaji, akawapa chai na maneno matamu ambayo hayana kitu ndani. Sasa mmenijia mimi jirani yake, mimi ambaye shule niliishia kusoma Zaburi na kuandika jina langu, mnataka niandike habari zake eti ziwekwe kwenye jumba la kumbukumbu la wilaya, karibu na ile mashine ya kale ya kukamulia maziwa. Nimekataa, mmerudi. Nimekataa tena, mmerudi na sukari. Haya, sukari nimeipokea na habari naiandika, lakini naiandika ninavyotaka mimi, na atakayecheka herufi zangu achukue kalamu aandike yeye.

Siena Maarman alikuwa mchambuzi wa sufu hapa bondeni Vaalkloof. Wanaume wakishanyoa kondoo bandani, ngozi ya sufu ilitupwa mezani kwake ikiwa bado na joto la mnyama, naye aliitandaza, akaishika, akaitazama, akasema ni ya daraja gani. Pembeni aliweka fungu la mfano, akawa anatazama huku na huku: hii ni nyeupe kuliko ile, hii ni hafifu kidogo. Kazi yake yote ilikuwa hiyo, kulinganisha. Mumewe alikwisha kufa zamani, akamwachia nyumba ya vyumba viwili, mbuzi wachache, na darubini ya macho mawili aliyoinunua jeshini walipokuwa wanauza vitu vyao vikuukuu.

Sasa kulikuwa na Mwalimu Apools. Huyu alifundisha shule ya kanisa mpaka akastaafu, na alikuwa shemasi, na alikuwa na bomba refu la kutazamia nyota, limesimama kwa miguu mitatu uani kwake. Majira ya baridi alikuwa akiwaalika watu. Wengi walikuja mara moja, wakanywa kahawa, wakala biskuti ngumu za mkewe Bi Drieka, wakasema "lo, kumbe mwezi una mashimo," wakaenda zao wasirudi tena. Siena alirudi. Mwalimu akaona huyu ana jicho, akamfundisha habari ya nyota zinazobadilika.

"Nyota nyingi zimetulia tu, Siena," alimwambia. "Lakini ziko ambazo leo zinang'aa hivi, kesho hivi. Huwezi kuipima nyota peke yake, jicho litakudanganya. Unaitazama na jirani zake."

"Kama sufu."

"Kama sufu, ndiyo. Na sheria ni moja. Ukishaitazama, andika kwanza. Usimwulize mwenzako ameonaje kabla hujaandika, wala usimwambie. Neno la mtu likishakuingia sikioni, jicho lako limekufa."

Hiyo sheria ilitoka kinywani mwake mwenyewe. Naomba mliandike hilo kwa wino mwekundu, kama mnao.

Nyota waliyoishika wao wawili ilikuwa kwenye kundi la Mshale, lile linalopanda juu ya kichwa wakati wa baridi. Kwa macho matupu huioni, kwa darubini unaiona. Jirani zake walikuwa wawili: mmoja mng'avu, Siena alimwita Dada Mkubwa, na mmoja hafifu, akamwita Dada Mdogo. Nyota yao ilikaa katikati. Siku nyingine ilimkaribia Dada Mkubwa, siku nyingine ilishuka kuelekea kwa Dada Mdogo, ikaja ikapanda tena. Mwendo wake ulikuwa wa zaidi ya mwezi kupanda na kushuka, na ukishauzoea unaujua kama unavyojua pumzi za mtoto aliyelala kando yako.

Siku moja Mwalimu alimleta Daktari Blignaut kwenye ukumbi wa kanisa. Daktari huyu si wa sindano, ni wa nyota, anatoka kule kilimani kwenye darubini kubwa. Mwanamke mwembamba, anaongea mbio kama anakimbizwa. Alisimama mbele ya watu wachache na majiko mawili ya mafuta ya taa, akaeleza.

"Jua letu linaishi kwa kuunguza haidrojeni," alisema. "Hii nyota haidrojeni yake imekwisha, au imeipoteza njiani, hatujui. Imebaki na heliamu na kaboni. Na inapumua. Inavimba, inanywea, inavimba, inanywea. Ndiyo maana mwanga wake unapanda na kushuka. Na uso wake, wakati inavimba, unakuja huku kwetu. Wakati inanywea, unarudi nyuma. Huo mwendo ninyi hamwezi kuuona kwa jicho. Sisi tunautandaza mwanga wake kama upinde wa mvua, tunatazama mistari myeusi iliyomo imesogea upande gani."

"Sasa shida ni nini?" aliuliza Bi Koba, ambaye alikuja kwa ajili ya joto la majiko.

"Shida ni kwamba siku moja, bila taarifa, inakohoa masizi. Kaboni ile inageuka moshi, inaifunika, na nyota inapotea. Miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Halafu inarudi polepole. Tunachotaka kujua: inakohoa ikiwa inavimba, au ikiwa inanywea? Nikipata mwanga wake na mwendo wa uso wake usiku uleule inapoanza kushuka, nitajua. Sijaupata. Darubini kubwa haiwezi kuikalia nyota moja mwaka mzima, wenye kuihitaji ni wengi. Namhitaji mtu wa kuniita."

Siena akanyoosha mkono kama mtoto wa darasani.

"Mimi nitakuita."

Tangu hapo Siena hakutaka kitu kingine. Wanawake wengine walitaka jiko la gesi, au mtoto aolewe na mtu wa maana. Yeye alitaka awe yule atakayeuona usiku wa kwanza na kuita. Kila jioni ya anga safi, akishaosha sahani, alivaa koti la marehemu juu ya koti lake, akaenda kwenye banda la mbuzi wake, akaegemeza viwiko kwenye mlango mfupi wa zizi, akatazama. Baridi ya huku mnaijua. Maji kwenye ndoo yanakuwa jiwe.

Mwaka wa kwanza aliita, na alikosea. Alikuwa ameitazama nyota muda mrefu mno, pumzi zake zikaganda kwenye kioo cha darubini, kila kitu kikafifia, yeye akaona nyota yake tu ndiyo imefifia. Akapiga simu. Kule kilimani wakaigeuza darubini kubwa, na kumbe usiku ule ulikuwa zamu ya bwana mmoja kutoka ng'ambo, aliyesafiri bahari nzima kuja kutazama mambo yake. Walipoielekeza wakaikuta nyota inang'aa kama kawaida. Yule bwana alifoka, nasikia alitupa kikombe.

Daktari Blignaut hakumfokea. Alimwambia kwa upole tu, "Mama Maarman, safari ijayo pata jicho la pili kabla hujaniita."

Lakini maneno yana miguu. Wiki haikwisha, mji mzima ukawa unamwita Mama Pumzi. "Mama Pumzi, kioo umekifuta?" Hata bandani, wanyoaji wakimtupia ngozi ya sufu walikuwa wanaipulizia kwanza. Siena alikaza meno akachambua sufu.

Haya. Ikaja ile Jumanne.

Kwa hesabu, wiki ile nyota ilikuwa inapanda. Ilikuwa imemaliza kushuka, imegeuka, sasa inamwendea Dada Mkubwa. Siena alijua hivyo kama Mwalimu alivyojua. Kulikuwa na mawingu kwa siku mbili tatu, halafu Jumanne jioni anga ikafunguka, baridi kali, theluji ilishaanza kuonekana vilimani. Siena akatoka, akaegemea mlango wa zizi. Akazuia pumzi, akatazama.

Ilikuwa chini ya Dada Mdogo.

Akashusha darubini. Akafuta vioo kwa leso, kimoja, na cha pili. Akawatazama mbuzi kidogo, ili jicho lisahau. Akainua tena. Dada Mkubwa yupo, anang'aa. Dada Mdogo yupo. Nyota yake iko chini ya Dada Mdogo, wakati inapotakiwa kuwa inapanda. Alipewa kile alichokuwa anakisubiri, akakiona waziwazi, na darubini ikawa haitulii, nyota zikaanza kucheza kwenye kioo.

Aliingia ndani, akaandika alichokiona. Mpaka hapo hakuna kosa.

Kisha akaenda kwenye simu. Wakati ule nyumba zote za bondeni tulikuwa na waya mmoja, simu ya kuzungusha mkono, kila nyumba na mlio wake. Jirani kwa jirani mnaitana wenyewe. Lakini kutoka nje ya bonde, kwenda kilimani kwa mfano, lazima mtu wa posta mjini akuunganishe, na yule mtu wa posta ikifika saa mbili usiku alivaa kofia akaenda kwake. Siena akainua simu, akamkuta Bi Koba na dada yake.

"...gauni limembana, nakwambia, kama soseji iliyochemshwa. Na mama yake amekaa kiti cha mbele anatabasamu."

"Hakuona?"

"Ataona wapi na ile kofia?"

"Jamani, naomba laini," Siena akasema.

"Nani huyo?"

"Siena. Nina haraka."

"Nyumba inaungua?"

"Haiungui."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, Bi Koba. Ni nyota."

Wote wawili wakaangua kicheko.

"Shoga, umesikia? Ni nyota!"

"Mwambie ipige kesho asubuhi, sasa hivi tuko kwenye harusi."

Siena akaweka simu chini. Akainua, wamefika kwenye keki. Akaweka. Akainua, wamefika kwa mchungaji na hotuba yake. Alikuwa anatembea jikoni kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, anaitazama saa ya ukutani, anatoka nje kuona kama nyota bado ipo, anarudi. Mara ya mwisho alipotoka aliona wingu jembamba limeanza kupanda upande wa magharibi. Alipoinua simu tena, alisema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kanisani, "Koba! Weka simu chini au nakuja huko!"

Laini ikaachwa. Saa mbili ilikuwa haijafika. Wakati ulikuwepo, mdogo, lakini ulikuwepo. Angemwita mtu wa posta, angeunganishwa kilimani, na mambo yote yangekuwa mengine.

Akakumbuka kikombe cha yule bwana wa ng'ambo. Akakumbuka "jicho la pili." Akazungusha mlio wa nyumba ya Mwalimu Apools.

Simu ililia sana ndipo ikapokelewa.

"Mwalimu, ni mimi Siena. Umetoka nje leo?"

"Siena. Tuanze na habari za jioni, au sikukufundisha?"

"Nzuri. Umeitazama?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka uniambie unaionaje. Mimi yangu siisemi."

Mwalimu alikohoa.

"Iko palepale inapotakiwa. Karibu na Dada Mkubwa, chini yake kidogo."

Siena akaitazama tena karatasi aliyoiandika.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Mwanangu, wiki hii inapanda. Umeshasahau kuhesabu? Kwani wewe umeona nini?"

Hapo ndipo angenyamaza. Lakini mtu akishatiwa shaka na mwalimu wake hawezi kunyamaza.

"Mimi nimeiona chini ya Dada Mdogo."

"Chini ya Mdogo!" Mwalimu akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama anavyocheka mtu mzima akisikia mtoto ameona simba chooni. "Siena, Siena. Kioo umekifuta?"

"Nimekifuta."

"Baridi ya leo inagandisha hata machozi. Unataka kuwaita tena wale watu kwa pumzi zako?"

Na kwenye waya, kumbe hakuwa ameweka simu chini, Bi Koba akadakia, "Mwalimu, mwambie anunue miwani!"

"Bi Koba, toka kwenye laini!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Siena akarudi nje. Wingu lilikuwa limeshafika kwenye Mshale. Halikuwa zito, lakini lilitosha, Dada Mdogo hakuonekana kabisa na nyota yake haikuonekana. Akasimama pale anajisemea: labda lile wingu lilikuwepo tangu mwanzo. Labda lilipita juu ya nyota yangu tu likawaacha hawa wengine. Mwalimu ana bomba kubwa, ana miaka mingi. Aliporudi ndani saa mbili ilikuwa imeshapita, mtu wa posta alikwisha vaa kofia yake. Siena akaichukua kalamu, akakikata kwa mstari alichoandika, akaandika cha Mwalimu, na asubuhi wote wawili wakavipeleka vipimo vyao kilimani kwa simu, kama desturi.

Usiku ule ikaanguka theluji, ikaendelea mpaka Jumapili. Kondoo walikufa kwenye mashamba ya juu, barabara ikafungwa, kanisani hatukwenda. Anga ilipofunguka, Siena alitoka hata sahani hajaosha. Dada Mkubwa yupo, Dada Mdogo yupo. Pale nyota ilipotakiwa kuwa, palikuwa peusi. Alitafuta mpaka shingo ikakakamaa. Ilikuwa imeshazama masizini, na darubini yake ya jeshi haikuweza tena kuifikia.

Safari hii alimtoa Bi Koba kwenye laini kwa neno moja, na neno lenyewe siliandiki.

"Imeshafika chini kabisa?" Daktari Blignaut alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeinuka kitini. "Ilianza lini? Mama Maarman, mwendo wa uso wake tutaupima leo, lakini leo ni mwisho wa shughuli, mimi nataka mwanzo. Una kipimo kingine kabla ya theluji, zaidi ya mlichopeleka? Wenye mawingu walikuwa wengi, ninyi wawili ndio mlikuwa na anga Jumanne."

"Ninacho cha Jumanne."

"Kinasemaje?"

"Viko viwili."

"Viwili vipi?"

"Kimoja nimekikata. Niliiona chini ya Dada Mdogo, Daktari. Niliiona kabisa. Halafu nikamwuliza Mwalimu, akasema iko karibu na Dada Mkubwa, nikakata changu nikaandika chake."

Siena akamsikia Daktari anapekua karatasi.

"Kama ungeniita Jumanne," Daktari akasema polepole, "darubini ilikuwa kwangu. Zamu ilikuwa yangu mimi. Nilikaa naitazama nyota nyingine ambayo haina haraka, mpaka mawingu yakatufikia."

"Basi tumia kile nilichokikata! Angalau upate mwanga wake, hata kama mwendo haupo."

"Siwezi. Wataniuliza kimekatwa lini na kimerudishwa lini. Mtu akishajua nyota imezimika, na kisha aseme aliiona inashuka, nani atakubali? Mimi nakuamini, Mama Maarman. Lakini karatasi ninayo mbele yangu, na Mwalimu Apools amepeleka chake, kinasema Jumanne ilikuwa inang'aa. Wewe umepeleka chako, kinasema vilevile. Ni watu wawili dhidi yako, na mmoja wao ni wewe."

"Kifute."

"Kufuta si kazi yangu. Kipimo cha mtu anakifuta mwenyewe. Chako nitakifuta kwa kuwa umeniomba. Cha Mwalimu, mpaka aseme yeye."

Siena hakusubiri barabara ikauke. Alikwenda kwa Mwalimu kwa miguu, theluji ndani ya viatu, akaingia jikoni bila hodi. Bi Drieka alikuwa anakanda unga. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na jiko, blanketi magotini.

"Mwalimu, Jumanne ulitoka nje?"

"Karibu kwanza, Siena. Drieka, kahawa."

"Sitaki kahawa. Ulitoka?"

Mwalimu akafungua kinywa, lakini Bi Drieka, ambaye hajui kitu cha nyota na hana ubaya na mtu, alikwisha dakia.

"Jumanne? Atoke na miguu ile? Alikuwa ameiloweka kwenye beseni la maji ya haradali, anasikiliza mpira redioni. Mimi ndiye niliyemshikia simu ulipopiga, mikono yake ilikuwa na taulo."

Kuni zikapasuka jikoni.

"Hukuitazama," Siena akasema.

"Nilijua iko wapi."

"Hukuitazama, Mwalimu!"

"Siena, nyota ile nimeifuata tangu wewe mtoto unacheza kibemasa. Wiki ile inapanda. Hesabu ilisema inapanda."

"Hesabu ilisema inapanda, nyota ikashuka! Ndicho tulichokuwa tunakingoja! Tulikuwa tunangoja siku ambayo hesabu itasema hivi na nyota ifanye vile, na ilipokuja ukanipa hesabu!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Mwandikie Daktari. Mwambie hukutoka, afute. Hivi sasa Jumanne imeandikwa kuwa inang'aa, na itabaki hivyo mpaka kiama, na ni uongo."

Mwalimu akavuta blanketi. Kumbukeni huyu alikuwa shemasi, watoto wa bonde zima amewachapa viboko kwa kunakiliana majibu, na vipimo vyake vilikuwa vimepelekwa ng'ambo kwa miaka na watu wa mbali wakamwandikia kumshukuru. Hakuwa mtu mbaya. Alimfundisha Siena bure, alimkopesha vitabu. Lakini mdomo wake ulikakamaa kama ngozi iliyoachwa juani.

"Mimi sijawahi kufuta kipimo," akasema.

"Basi hiki ndicho cha kwanza."

"Nenda nyumbani, Siena. Miguu yako imelowa."

Alikwenda. Alimwaga maji ya viatu mlangoni kwake, na akavunja sahani moja, ile yenye maua, kisha akajuta kwa sababu ilikuwa nzuri.

Nyota ilirudi. Ilichukua zaidi ya mwaka, ikapanda kidogokidogo mpaka ikafika tena kwa dada zake, ikaanza kupumua kama hakuna kilichotokea. Siena alikuwepo mlangoni mwa zizi. Akasubiri mwaka, ukapita. Akasubiri mwingine. Aliita? Hakuita. Hakuwa na cha kuitia. Ilipumua tu, inavimba, inanywea. Watu wakachoka kumwita Mama Pumzi, wakapata wengine wa kuwacheka.

Halafu ikakohoa tena, na mnajua ilikohoa lini? Mwezi wa Desemba, wakati Mshale umejificha nyuma ya Jua na hakuna mtu duniani awezaye kuutazama. Ilipotokea upande wa pili, alfajiri za Februari, ilikuwa imeshazama. Mwanzo wake hakuna aliyeuona, hata wenye darubini kubwa. Siena alipogundua alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bandani akacheka, na kile kicheko sikukipenda.

"Afadhali hii," aliniambia. "Hii hakuna aliyeninyima."

Na bado anatoka. Sufu ameacha kuchambua, vidole vimepinda, lakini jicho lipo, na kila jioni safi ya baridi yuko pale. Nyota imerudi tena, inapumua tena. Simu siku hizi kila mtu ana yake, Bi Koba hana tena wa kumsikiliza, anateseka. Daktari Blignaut amempa Siena namba ambayo akipiga saa yoyote itapokelewa, na amemwambia asimwulize mtu tena, aite tu, hata akikosea. Siena amelikubali hilo. Mwalimu ndiye hajakubali kwamba haulizwi tena.

Yeye sasa amezeeka, bomba lake limeingia kutu, lakini jioni nyingi simu ya Siena inalia na ni yeye.

"Siena. Unaionaje leo?"

"Futa cha Jumanne kwanza."

"Mimi nauliza tu kama rafiki. Iko kwa Mkubwa?"

"Futa cha Jumanne."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Nimefundishwa na wewe."

Anakata. Kesho yake inalia tena. Hivyo ndivyo wanavyosalimiana watu wawili walioketi benchi moja kanisani miaka yote, na ile Jumanne bado imeandikwa huko kwenye vitabu vya dunia kwamba nyota ilikuwa inang'aa, na watu wenye akili kutuzidi wanaisoma na kuiamini na kupiga nayo hesabu zao.

Nimeandika mlichotaka. Sasa zamu yenu. Wewe unayesoma hapa kwenye jumba la kumbukumbu, usikimbilie kutazama mashine ya maziwa. Nyumba ya Mwalimu Apools ni ile yenye mlango wa kijani nyuma ya kanisa, na mchana wote yuko barazani, hana pa kwenda. Vuka barabara. Msalimie vizuri, kunywa kahawa atakayokupa, kisha mwambie afute kipimo cha Jumanne. Akikataa, mwambie mwenzako naye aende kesho. Mkienda wengi atachoka, na mimi nataka achoke kabla hajafa.